Kiti cha Ndugu

Jumatatu, 3 Machi

Nimeanza shule. Uzee huu! Mwalimu ametugawia madaftari, kila mmoja aandike kila siku, na ameapa hatasoma la mtu. Vizuri. Basi naanza na yeye mwenyewe. Ni binti mdogo, rika la mjukuu wangu wa kwanza, miwani mikubwa kuliko uso, anaongea polepole kama anayemnywesha mtoto dawa.

Mafunzo ni ya kuwasaidia walevi na wale wa dawa za kulevya. "Waraibu," Mwalimu kanisahihisha. Humu neno mlevi ni marufuku. Nikauliza, na mlevi akijiita mlevi mwenyewe? Huyo anaruhusiwa.

Hapa kituoni hawaulizi majina. Anayekuja kuomba msaada anajichagulia la kwake, akitaka kuitwa Waziri, sawa, karibu Waziri. Nasi wanafunzi tumeambiwa tuchague, ili tuzoee. Mama aliyekaa karibu nami ni nesi mstaafu. Kachagua Nesi. Hakujisumbua. Jamaa mmoja mwembamba, aliyekunywa miaka mingi kisha akaacha, kachagua Sabuni. Mimi nimechagua Kijana. Mwalimu akanitazama sana. Lakini sheria ni yake! Mpaka jioni alishasema "Kijana, naomba unyamaze" mara nyingi, na kila mara mgongo wangu ulipata nafuu.

Jumanne, 4 Machi

Mke wangu anadhani nimekuja huku kwa sababu amechoka kunisikia. Ni kweli amechoka. Lakini nimekuja kwa ajili ya Kitindamimba.

Huyo ndiye mwanangu wa mwisho. Anakaa chumba cha uani. Fundi wa kuchomelea vyuma, hodari hasa, nusu ya mageti ya mtaa huu ni kazi yake. Siku hizi hachomelei. Mikono inatetemeka. Anakunywa kabla hajapiga mswaki.

Mwezi uliopita daktari alimpima ini, akatuingiza ndani sote watatu, yeye, mimi na mama yake. Akasema kijana akiendelea hivi, wewe mzee ndiye utakayemzika. Nikamwambia, daktari, fanya uwezavyo aache, maana mimi sina nguvu za kuchimba. Daktari alicheka mpaka akavua miwani. Kitindamimba naye alicheka! Miaka yote ya ukinyozi sikuwahi kutoa mzaha safi kama ule. Nimeusimulia kila nilikopita.

Mpango wangu ni huu: nijifunze dawa yao, niibebe, nimtibu nyumbani bila yeye kujua.

Leo Mwalimu kasema kanuni ya kwanza ya kazi: humhudumii ndugu yako. Mtoto, mzazi, mume, mke — unampisha mwenzako. Wakati huo nilikuwa nafungua peremende. Karatasi ilipiga kelele. Sikusikia vizuri.

Alhamisi, 6 Machi

Tumeonyeshwa chumba cha mazungumzo. Viti vitatu vya plastiki, meza ndogo, jagi la maji na vikombe. Basi. Nilidhani kutakuwa na mashine.

Kiti kimoja cha mraibu, kimoja cha mshauri. Cha tatu kiko pembeni karibu na mlango, mguu mmoja mfupi, hicho ni cha ndugu. Ndugu haongei mpaka aulizwe. Hashauri, haguni, hakohoi kikohozi cha maana. Anasikiliza tu. Nikasema hicho si kiti, ni kifungo. Tulipofanya maigizo kila mtu alikikwepa. Mimi nilikimbilia cha mshauri.

Kisha nikaenda chooni, mwisho kabisa wa ukumbi. Mle ndani kuna mlango wa pili, unatokea barabarani, na haufungwi! Nikarudi mbio kama mtu aliyegundua moto. Mwalimu, watu wako watatorokea kule! Akasema, wanatoroka sana. Sasa mbona hufungi? Kasema hapa hakai mtu kwa kufungiwa, anakaa kwa kutaka. Nikamwambia mimi nami sikuwahi kufunga mlango wa kinyozi, lakini mteja akishanyolewa upande mmoja hatoki. Hakucheka. Nesi alicheka, kwa mabega tu.

Ijumaa, 7 Machi

Somo la kurudisha maneno. Mtu akisema jambo, wewe unamrudishia alichosema, ajue umesikia. Humpi shauri. Humsemi. Halafu unanyamaza. Kunyamaza nako eti ni kazi. Kumbe mke wangu ananidai kazi ya miaka arobaini!

Tukaigiza. Sabuni mraibu, mimi mshauri.

Sabuni: "Mke wangu kanifungia nje."

Mimi: "Nasikia unasema mkeo amekufungia nje." Mwalimu akatikisa kichwa, vizuri.

Sabuni: "Nimelala barazani."

Mimi: "Nasikia unasema umelala barazani. Na mbu je, nao waliamka wamelewa?"

Darasa zima lilikufa kwa kicheko. Sabuni mwenyewe alishika mbavu. Mwalimu akangoja tumalize. Akamuuliza Sabuni, ulikuwa unataka kusema nini baada ya baraza? Sabuni akajikuna. "Kilikuwepo kitu," akasema. "Sasa hakipo."

Watu wazima, wanaharibu starehe hivi hivi.

Tabia yangu naijua ilikotoka. Nimewanyoa watu maisha yangu yote, na nimeongea nao wembe ukiwa shingoni. Hakuna aliyewahi kunibishia. Ukizoea hivyo, unaamini wanakubali.

Nesi kanipa peremende ya mnanaa. "Kijana, shika, weka mdomoni ukianza kazi. Ikiwa humo huongei. Nilikuwa nawapa watoto wa sindano." Mama huyu hana adabu. Nimempenda.

Jumapili, 9 Machi

Nimefanya mazoezi na mke wangu. Kasema chumvi imekwisha.

"Nasikia unasema chumvi imekwisha," nikamwambia, kwa upole wote.

"Ndiyo. Nenda kalete."

"Nasikia unasema niende nikalete."

"Mzee, una homa?"

"Nasikia unauliza kama nina homa."

Alinitupia kitambaa cha vyombo, kikanipata usoni. Kisha akampigia simu binti yetu mkubwa. Nilisikia, baba yako ameanza, ndiyo, anarudia maneno, hapana, anakula vizuri.

Huku nyuma, chumba cha uani, mtu anacheka. Kitindamimba! Kicheko chake hasa, si kile cha chupa. Muda mrefu hatujakisikia. Kikaishia kwenye kikohozi.

Akaja mlangoni, akashika fremu. "Baba, ndivyo mnavyofundishwa huko?"

"Ndivyo."

"Na mtu akikaa kimya, mnamrudishia nini?"

"Chenji," nikasema.

Akacheka tena, kidogo. Akasimama pale bado. Nikadhani anataka chumvi. Kisha akarudi chumbani kwake.

Jibu zuri sana lile, chenji. Nimebaki nalo jikoni, kitambaa begani.

Jumatano, 12 Machi

Kitindamimba kaletwa adhuhuri. Wenzake wa karakana wamembeba watu wanne, kama geti. Kaanguka njiani, kapasuka juu ya jicho.

Mama yake kamwosha. Mimi nimeshika beseni. Kila mara mama yake ananitazama, anangoja nitoe neno langu la mzaha ili apumue.

Sikuwa nalo.

Alhamisi, 13 Machi

Sikwenda darasani. Nimemnyoa Kitindamimba, nywele zilikuwa zinaingia kwenye kidonda. Mikono yangu haitetemeki. Yake inatetemeka. Ingekuwa kinyume, ingekuwa sawa.

Alikuwa macho muda wote. Nilitaka kumwambia aje kituoni. Nikakumbuka humpi mtu shauri. Nikanyamaza. Naye akanyamaza. Sijui nani alikuwa anamhudumia nani.

Nilipomaliza kauliza, "Huko kwenu mtu anaingiaje?"

"Kwa miguu," nikasema.

Ujinga! Nilitaka kujing'ata. Nikaongeza haraka: hawaulizi jina, unajichagulia tu. Mimi wananiita Kijana. Hapo ndipo alipocheka, na kidonda kikamuuma.

Jumanne, 18 Machi

Mtihani ni Ijumaa. Si wa kuandika, ningepona! Ni wa kukaa na mtu wa kweli, katika wale wanaokuja wenyewe na kukubali mwanafunzi aongee nao. Mwalimu atakaa kona anatazama. Anayefaulu anaanza kazi hapa kituoni, na beji. Anayeanguka anarudia mafunzo yote.

Sabuni hali chakula. Nesi kasema yeye ameshika wanaokata roho, hawezi kuogopa kiti cha plastiki, lakini nimemwona anauliza choo kiko wapi kana kwamba hajui.

Nimemwambia Mwalimu anipe mgumu. Kasema, Kijana, mgumu zaidi humu ni wewe.

Amejifunza kwangu, yule.

Ijumaa, 21 Machi

Naandikia humu humu chumbani. Mwalimu karuhusu.

Ilikuwa hivi. Nesi kafaulu. Sabuni kafaulu, akalia, akapewa maji. Zamu yangu. Nikaweka peremende mdomoni, nikakaa kwenye kiti cha mshauri, mikono magotini kama napigwa picha. Mwalimu kona.

Dada wa mapokezi kafungua mlango. "Huyu anajiita Geti. Kasema ataongea na Kijana tu, hataki mwingine."

Akaingia mwanangu.

Kavaa shati jeupe, kalipiga pasi mwenyewe, kola upande mmoja imenyooka, upande mwingine imeshindikana. Plasta juu ya jicho. Kaniamkia, "Shikamoo, mzee," kama mtu nisiyemjua.

"Marahaba. Karibu."

Pale pale ndipo nilipotakiwa kusema. Kanuni ya kwanza. Lakini alishakaa! Kama ningefungua mdomo angeinuka, na asingerudi. Nami nilikuwa na peremende. Nimejipa sababu hiyo.

"Nakunywa," akasema.

"Nasikia unasema unakunywa."

"Asubuhi mpaka nilale. Nikiacha nusu siku mwili unapigana nami."

"Nasikia ukiacha, mwili unapigana nawe."

"Nyumbani wanajua. Mama analia." Akajimiminia maji, nusu yakaenda mezani. "Baba anachekesha."

Peremende ikasimama.

"Nasikia unasema mama analia. Na baba anachekesha."

"Ni mcheshi sana. Mtaa mzima wanampenda. Mimi pia nampenda. Lakini mzee, daktari kaniambia nitakufa. Mimi nimekaa pale. Baba akasema hana nguvu za kuchimba."

Kanuni ni kurudisha. Hakuna njia nyingine, maneno yapo, yanangoja.

"Nasikia unasema," nikasema, "daktari alikwambia utakufa. Na baba yako akasema hana nguvu za kuchimba."

Mzaha ule nimeutoa sokoni, msibani, kwenye foleni ya benki. Leo ndiyo nimeusikia.

"Na mimi nilicheka," akasema. "Ningefanyaje? Wote walikuwa wanacheka."

Nikanyamaza. Si kwa ufundi. Yeye akanyamaza. Kona kule Mwalimu hata kalamu hakuisogeza. Sikutoa chenji.

Kisha nikamuuliza, "Ulitaka aseme nini?"

Ndipo aliponitazama sawasawa, mara ya kwanza tangu aingie. Jasho linamtoka. Mdomo ukafunguka, ukafunga. "Ngoja niende chooni kwanza, mzee," akasema. "Nikirudi nitakwambia."

Akatoka. Nikasikia viatu vyake ukumbini, vinakwenda mpaka mwisho.

Mwalimu akainuka, uso unamng'aa. "Kijana! Sijawahi kukuona ukifanya hivyo! Umefaulu!"

Nikatema peremende kwenye karatasi yake. Nikaikunja.

"Mwalimu, yule ni mwanangu. Wa kumzaa."

Akavua miwani. Bila miwani ni mtoto kabisa. Akasema polepole, "Nasikia unasema yule ni mwanao."

"Ndiyo."

"Basi hujafaulu."

"Najua."

Akakaa kwenye kiti changu. Hakunikemea. Kanionyesha kwa kidole kile kiti cha pembeni, karibu na mlango. Kasema, akirudi nitamwambia najua ni mwanao, na nitamuuliza kama anakutaka humu. Akikutaka utabaki. Lakini hapo hutasema neno mpaka yeye akuulize.

Ndipo nilipo. Mguu mfupi ni wa nyuma, kushoto. Ukiandika kinayumba. Kikombe chake kiko mezani, maji bado, meza imelowa na hakuna aliyeifuta.

Anakawia.

Nina mzaha mmoja mzuri mno, wa mtu na choo chenye milango miwili. Umekuja wenyewe, upo hapa ulimini. Mwalimu ananitazama, anajua ninao.

Nimeumeza.

Maji ya bomba yalikuwa yanatiririka kule chooni. Yamefungwa. Sasa mlango umelia — sijui ni upi.