Kikombe Nilichomjazia Baba Mkwe

Mpendwa Dada Oydin,

Kabla hujaendelea kusoma, nakuomba kwa heshima unifichie kila neno lililomo humu, usimwonyeshe mtu hapo gazetini kwenu, na usiichapishe barua hii mpaka nitakapokuruhusu mwenyewe, na hata hapo ubadilishe majina yote, maana Kokand ni mji mkubwa kwa wageni tu.

Mimi ni karani katika ofisi ya maji. Mwishoni mwa kiangazi msuli ulio chini ya kidole gumba cha mkono wangu wa kulia ulianza kucheza wenyewe, kama jicho linavyocheza, nikaupuuza, kisha ukacheza wa mguuni, kisha wa begani, halafu yakaja maumivu ya kuchomachoma yanayohama, leo paja, kesho mkono, na mtu mwingine angesema ni uchovu akalala zake, lakini mimi nilikuwa na mjomba, Hikmat, mpiga dufu wa harusini, ambaye mkono wake ulianza hivyohivyo, na yeye alicheka akisema, "Tazameni, mkono wangu unapiga bila mimi," na haikupita miaka mingi hakuweza kuinua kijiko, mkewe akawa anamlisha na kumfuta kidevu, na yeye anatuangalia kwa akili zake zote timamu. Madaktari walisema neva zinazoendesha misuli zinakufa, na ugonjwa huo hauna dawa.

Nimesoma kwenye simu mpaka macho yananiuma. Kila nikipata nafasi najipima: nasimama kwa vidole nyuma ya rafu za majalada, nasimama kwa visigino, nafinya ukingo wa meza, nainua birika mkono ukiwa umenyooka. Siku moja Bahrom, mwenzangu wa ofisini, alinikuta huko akaita watu: "Jamani, njooni! Bwana harusi anajifunza kucheza, au kakanyaga msumari?" Wakacheka, nami nikacheka nao.

Maana ni kweli, mimi ni bwana harusi. Mkate wa uchumba umekwisha kumegwa kati ya kwetu na kwa Mzee Turgun, na binti yake Mohlaroy nampenda, Dada, sitaki uwe na shaka juu ya hilo. Juzi Mzee Turgun alikuja na ndugu zake kupanga siku ya harusi, na mimi kama kijana wa nyumba ndiye niliyekaa penye birika. Niliona nikimimina kidogokidogo, kama anavyomiminiwa mgeni unayetaka akae, kikombe kikienda na kurudi, mkono utatetemeka na wote watauona, basi nikaona afadhali nimimine mara moja tu, nikamjazia kikombe mpaka ukingoni, nikamkabidhi.

Mzee Turgun alikitazama kikombe, akawageukia nduguze. "Haya jamaa, tumeambiwa tunywe tuondoke."

Baba akasema haraka, "Msimjali, kaka yangu. Kijana kachanganyikiwa na furaha."

"Furaha? Nimeoza mabinti watatu mimi. Furaha ya bwana harusi naijua."

Wakaondoka bila kuonja pilau. Baba hasemi nami tangu siku hiyo. Mohlaroy alinipigia simu, akasema, "Kama hunitaki, niambie kwa mdomo wako. Usimtume birika." Sikumjibu kitu, kwa sababu nilikuwa nakiona kile kijiko cha mke wa mjomba, na mkono uliokishika ulikuwa wa Mohlaroy.

Ijumaa ya wiki ijayo mshenga anakuja kuchukua neno la mwisho. Je, nimwambie simtaki, ili anichukie aende zake akiwa huru, au nimwoe na kumgeuza muuguzi wangu? Kwa daktari sijaenda. Naogopa atalitaja jina la ugonjwa ule.

Tafadhali usipige simu nyumbani, mama ndiye anayepokea. Tia jibu ndani ya bahasha, lipeleke posta kuu, liwekwe dirishani kwa jina la Mpwa wa Mpiga Dufu. Nitalifuata mwenyewe.

*

Mpwa wa Mpiga Dufu,

Pole kwa mjomba wako. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na hukukosea kushtuka. Umekosea yaliyofuata.

Nimemuuliza daktari wa neva ninayemwamini, bila kukutaja. Anasema misuli hucheza kwa watu wengi wazima, hasa wenye hofu na wasiolala vizuri. Ugonjwa unaouogopa hujionyesha zaidi kwa nguvu kupotea: kifungo kinakushinda, mguu unaburuta. Wewe unasimama kwa vidole kutwa, kisha unashangaa paja linauma! Tena umenieleza kila aibu ya siku ile, lakini hukusema umemwaga hata tone. Kikombe kimejaa mpaka ukingoni, kikafika mkononi mwa mzee. Fikiria hilo.

Lakini mimi si daktari, na yule niliyemuuliza hajakuona. Kwa ajili ya mjomba wako, usibahatishe. Nenda kwa daktari wa neva wiki hii, umweleze habari za Hikmat bila kuficha, akupime nguvu, akiona haja apime na misuli kwa mashine. Daktari mmoja, umsikilize. Simu iweke chini. Nyuma ya rafu usirudi.

Sikuahidi jibu zuri. Nikikuahidi, nitakuwa nimekudanganya kama unavyotaka kumdanganya binti wa watu, na uongo ule unauita huruma! Nani amekupa ruhusa ya kumwamulia? Umewahi kumuuliza mke wa mjomba kama angependa kuambiwa hatakiwi? Mwendee. Muulize. Kisha mpigie Mohlaroy kabla mshenga hajavaa viatu, umwambie unachokiogopa, chote. Jibu likiwa baya, ana haki ya kukataa na ana haki ya kubaki. Haki hizo ni zake.

Kwa Mzee Turgun nenda na baba yako. Sema, "Niliuogopa mkono wangu." Aliyeoza mabinti watatu ameshaona vijana wakitetemeka.

Ukitoka kwa daktari, njoo kwangu, jibu liwe lolote. Ofisi yetu iko nyuma ya posta kuu, mlango wa kijani, ghorofa ya juu. Ngazi uzipande kama watu wengine. Nipo Alhamisi baada ya adhuhuri. Jina usitaje, mwambie dada wa mlangoni umekuja kunimiminia chai. Birika utalishika wewe. Nimiminie kidogo, na kikiisha unimiminie tena, mkono ukitetemeka na utetemeke. Sina haraka ya kukuona ukiondoka.

Dada yako, Oydin