Oili Chafu na Nguzo za Mzee

Mutuini, Jumamosi, Agosti 1971

Eti nihame. Mzee mwenye nyumba alinikuta nimechuchumaa kando ya pikipiki, oili nyeusi inashuka kwenye karai, filta mpya niliyonunua River Road mjini bado imo kwenye karatasi yake. Akasimama mikono nyuma kama mkaguzi wa shule.

"Hapa ni nyumbani kwa watu, si gereji. Mwisho wa mwezi uhame na hicho chombo chako."

Nilifunga filta, nikakaza nati, nikamimina oili mpya polepole. Chumba kingine kwa kodi hii sipati. Najua, naye anajua.

Kisha nikabeba karai kuelekea lango.

"Unapeleka wapi hiyo?"

"Kwa jirani, Mzee. Anataka kupaka nguzo za ua wake. Mchwa hawagusi nguzo yenye oili chafu."

Jirani hajaniomba kitu. Lakini Mzee na jirani hawasalimiani, na nguzo za Mzee mchwa wanazila mchana kweupe.

Alininyang'anya karai. Akavua koti la kanisani, akapaka nguzo zake mwenyewe kwa gunia kuukuu. Oili ikaisha kwenye nguzo ya saba.

"Unabadilisha tena lini, kijana wangu?"

"Baada ya maili elfu moja, Mzee."

Akatazama nguzo zilizobaki mpaka kule chini mtoni.

"Basi endesha. Kwani kwenu kule mbali Kakamega hakuna watu wa kusalimiwa?"

Habari ya kuhama hakuitaja tena. Nadhani nina chumba mpaka nguzo ziishe.