Mstari wa Kumi na Saba

4 Machi

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi. Mimi mzima, isipokuwa goti, ambalo lina ukaidi wa ukoo wetu. Natumaini nawe hujambo, na kile kiti chako cha Wizara ya Ustawi bado kinazunguka.

Nakuandikia kwa sababu ya ripoti yenu. Imebandikwa Jumatatu kwenye ubao wa ofisi ya kata, kurasa kumi na mbili, kwa gundi nyingi utadhani kuna mtu angeiba. Juu imeandikwa "Uwazi kwa Wananchi". Unajua nilikaa masjala miaka thelathini na moja nikipanga majalada ya watu. Basi nilivaa miwani nikaisoma yote, nimesimama.

Nilicheka, mwanangu, na si kwa furaha. Wapokea ruzuku wa kata hii, watu ishirini na watatu, mmewapanga kwenye jedwali kama nyanya sokoni: umri, kazi, ugonjwa, anaishi na nani, anasaidiwa na nani. Nikafika penye matumizi ya ofisi zenu, yale magari na safari na semina za hotelini. Kurasa tatu zimepakwa wino mweusi, na chini yake: "Imezuiwa kulinda faragha ya wahusika." Kumbe faragha inavaa suti! Mgonjwa yeye anapewa uwazi.

Lakini sikukuandikia ili nitukane tu. Nataka kitu kimoja. Mstari wa kumi na saba unasema hivi, nimeunakili neno kwa neno: "Mwanamume, miaka 64, mgane, fundi pasi na redio. Maradhi ya akili, husikia sauti. Mtoto mmoja, mtumishi wa umma. Msaada wa familia: hakuna."

Kata nzima ina fundi pasi mmoja. Tangu Jumatatu hakuna aliyempelekea hata waya wa kuunga. Watu wazima wenye ndevu zao wanasimama mbele ya kibaraza chake wakimuuliza sauti zimesemaje leo. Ile meza ya kazi ndiyo inayomshikilia mtu huyu, akiifunga atazama. Wewe ni mkuu wa majedwali, ulijisifu mwenyewe kwenye simu. Ufute mstari huo.

Shangazi yako


19 Machi

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Pole na goti. Mimi mzima, ila kazi imetubana, maana ripoti imepokelewa vizuri sana huku juu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili hasira zikiwa zimeshuka. Shangazi, hatukuandika jina la mtu hata mmoja. Nilisimamia mwenyewe kuyaondoa. Bila jina hakuna mtu pale, kuna takwimu tu. Mwananchi ana haki ya kujua kodi yake inaenda wapi. Na mpango unaleta matunda: katika kata nyingine watu wameanza kujitoa wenyewe, nasi tumewafungulia safu yao, "Waliojiondoa baada ya kuhakikiwa". Waziri anaipenda mno safu hiyo. Kuhusu wino mweusi, hiyo si idara yangu.

Huyo wa kumi na saba akitaka kufutwa, aandike barua kwa jina lake kamili athibitishe kwamba ndiye. Nikuonye tu kwamba barua hizo nazo hubandikwa ubaoni. Ndiyo kanuni.

Na uniwie radhi, lakini ningekuwa wewe nisingehangaika na serikali. Ningemsaka huyo mtoto wake. Mtumishi wa umma, mshahara hauchelewi, halafu baba yake analishwa na kodi za wenziwe! Mtu kama huyo hana haya wala hajui vibaya. Nikikutana naye simpi hata mkono.

Msalimie sana Baba. Bado anajichosha na zamu za usiku pale kiwanda cha chapa? Mwambie nitakuja mambo yakitulia.

Mwanao


2 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Goti limenyamaza, mimi siwezi.

Kiwanda cha chapa kilifungwa miaka saba iliyopita. Tangu siku hiyo baba yako anatengeneza pasi na redio kibarazani. Ana miaka sitini na minne. Ni mgane tangu tulipomzika mama yako, mazishi uliyofika asubuhi ukaondoka jioni kwa sababu ya semina. Ana mtoto mmoja, mtumishi wa umma. Nikumalizie, au utamalizia mwenyewe?

Nilikunakilia mstari ule bila kumtaja, na nilifanya makusudi. Nilitaka kuona kama utamjua baba yako ukimkuta njiani. Hukumjua. Uliupitisha mkononi mwako ulipotengeneza jedwali, ukaupitia tena kwenye barua yangu, mara mbili kwa maneno yako, na bado ukaniuliza habari za zamu za usiku. Huyo mtoto usiyetaka kumpa mkono, anza kuosha wako.

Sauti zilimwanza mwaka mmoja baada ya mazishi. Alinikataza kukuambia. "Mwache, ana kazi kubwa," akasema, na mimi mjinga nikatii. Ruzuku ile ndiyo inayonunua dawa zake za kila mwezi, na akizinywa anakuwa mtu mzima mwenye akili zake, hodari kuliko nyinyi wa viti vya kuzunguka.

Nilikwenda kwa karani wa kata kuomba mstari ufunikwe walau kwa karatasi. Akanitolea methali: mficha maradhi, kifo humuumbua. Nikamuuliza, na mficha matumizi ataumbuliwa na nani? Akaniambia ofisi imefungwa, na ilikuwa saa nne asubuhi.

Baba yako naye alikwenda, peke yake, kuomba afutwe. Wakampa fomu ya kujiondoa. Nilimkuta kalamu iko mkononi, nikampokonya. Angesaini pale angekosa dawa na bado angeingia kwenye safu yenu ya wadanganyifu waliotubu, Waziri apige makofi.

Sasa meza ameiingiza chumbani. Anafungua redio moja, anaifunga, anaifungua tena.

Nyani haoni kundule. Wewe umeonyeshwa lako, na kwa hati yangu nzuri ya masjala. Haya, tengeneza ulichoharibu.

Shangazi yako


30 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Nimechelewa kujibu kwa sababu kila nikianza naona aibu.

Sikujua. Najua neno hilo kwako halina thamani, lakini sikujua. Kuna mwenzangu aliwahi kuusoma mstari huo kwa sauti kantini, palipoandikwa "hakuna", na meza nzima ikacheka. Nami nilicheka.

Toleo jipya linatoka Juni. Kuufuta mstari wote kunataka saini ya mkurugenzi, na maelezo ya maandishi kwamba mtu huyo ni baba yangu. Unajua cheo changu kinajadiliwa mwezi huu huu. Wakijua kwamba mkuu wa majedwali ndiye yule mtoto, nimekwisha. Lakini kusahihisha kisanduku kimoja kimoja kuko ndani ya mamlaka yangu, na nimesahihisha nilichoweza.

Tafadhali usimwambie Baba kwamba jedwali ni langu. Nitatuma chochote mambo yakikaa sawa.

Mwanao


11 Juni

Bwana Mkuu wa Majedwali,

Afya yako sikuulizi. Aliyeweza kufanya ulichofanya ni mzima wa chuma.

Toleo jipya limebandikwa. Maradhi ya akili yapo palepale. Sauti zipo. Pasi na redio zipo. Umegusa kisanduku kimoja tu: "Msaada wa familia: upo." Ulishika kifutio ukiwa na aibu mbili mbele yako, ya baba yako ambayo si kosa lake, na yako. Ukafuta yako.

Masjala niliwaona wezi wa mihuri na wauza majalada. Nilikuwa nikiwadharau. Leo nawaomba radhi.

Siku tatu baadaye, kwenye sanduku langu la posta ambalo ndilo na lake, ikaja barua kutoka Wizarani: ruzuku imesitishwa, kwa kuwa mnufaika anasaidiwa na familia. Hamjawahi kufanya kazi haraka hivyo. Dawa za mwezi huu nimenunua kwa pensheni yangu. Za mwezi ujao sina uwezo nazo.

Nikakaa nikaandika barua kwa Waziri, nakala kwa magazeti. Nimeeleza yote, jina lako na la baba yako, maana faragha mliyotuachia haitoshi hata kufunika kidole. Ilibaki saini ya baba yako. Nikaenda kwake, sikumkuta. Meza ilikuwa imerudi kibarazani.

Nilimkuta ofisi ya kata. Amenyoa ndevu, amevaa shati lake jeupe, kasimama mbele ya ubao na kidole juu ya mstari wa kumi na saba. Kila anayepita anamvuta mkono. Penye ugonjwa anaparuka, kidole kinakwenda moja kwa moja mwisho. "Soma hapo," anasema. "Serikali yenyewe imeandika. Mwanangu ananisaidia." Wale wale wa ndevu walisoma wakamwamkia kwa heshima. Muuza mkaa akampa mkono, akampongeza. Jana wamemletea pasi mbili.

Sikumwambia. Mimi, nisiyewahi kumwacha mtu na uongo wake, nilisimama pale nikasema, "Ndiyo, kaka, nimeona." Nilikuwa nakudharau vya kutosha. Sasa nakudharau na kwa hilo pia, kwamba umenifanya nidanganye kwa niaba yako.

Ruzuku anadhani imechelewa tu. Kuhusu wewe hana shaka: aliyeanza kusaidia hawezi kukosa kuja. Ametoa mabaki ya redio chumba cha nyuma, ametandika kitanda. Kila jioni basi likifika anatoka barabarani, anawaangalia wanaoshuka mmoja mmoja, kisha anarudi kazini kwake.

Barua ya kwenda kwa Waziri iko mezani kwangu, ina saini yangu peke yangu, imefungwa, ina stempu. Sitaituma leo. Nikiituma, atajua kwamba kile alichowaonyesha watu wote ubaoni ni uongo wa mtoto wake mwenyewe. Nisipoituma, anakosa dawa. Umeniwekea mzani huo ukaenda zako kujadiliwa cheo.

Dawa zinaisha tarehe thelathini. Uliandika kwamba unamsaidia. Basi linafika saa kumi na moja.

Dada wa baba yako