Ukurasa wa Nora Scully

Ballinree, 9 Machi

Kaka Fintan,

Hapa ni mvua tu, na goti langu bado linanisumbua. Mwalimu Colgan amezindua kitabu cha historia ya mtaa wetu. Nilikifungua palepale ukumbini. Ameandika kwamba yule mjane, Nora Scully, "alihama kwa hiari yake."

Nikasimama. "Mumewe alikufa kwa kifua kikuu, nasi tukamfukuza Nora kwenye bomba la maji na kuchoma godoro lake. Hiyo ndiyo hiari?"

"Bibi Attracta," akasema Mwalimu, "watu wamekuja kunywa chai, si kufukua makaburi."

Wakacheka. Nikawaambia aliyeipiga teke ndoo ya Nora ni mama yetu. Kicheko kikakatika. Najua utakasirika, kaka, lakini nawe uliona. Tulisimama pamoja dirishani. Nawaonea kinyaa wote, nami nikiwemo.

Jumamosi nikapanda basi hadi mjini Galway kumweleza binti wa Nora tuliyomtendea mama yake. Alinisikiliza mlangoni mpaka mwisho, kisha akasema, "Mama alikufa akisubiri mmoja wenu aje."

Hakunikaribisha ndani. Sikumlaumu.

Dada yako,
Attracta