Sauti ya Gita Langu la Kulala

Mishamo, Katavi
22 Juni 2025

Kwako mdogo wangu Ladislas, murumuna wanje,

Tumsifu Yesu Kristo. Naomba barua hii ikukute una nguvu, wewe na shemeji Lidia na watoto wote, na mihogo yenu iwe imekaa vizuri hapo Kapalamsenga, na ziwa liwape chochote. Mimi huku ni mzima kabisa. Meno yamebaki saba lakini mahindi ya kuchoma nayatafuna kuliko vijana wenye meno yote. Goti la kushoto linauma asubuhi tu, mchana linasahau. Shemeji yako Generosa anakusalimu sana, hajambo, na mdomo wake pia haujambo.

Najua unashangaa. Utasema huyu mzee Salvator anakaribia kufa ndiyo maana kaandika. Sifi. Binti yangu Emelyne alitaka kukupigia simu nikakataa, kwa sababu simu mtu anaweza kuikata katikati na haya maneno sitaki yakatwe. Alitaka aniandikie, nikakataa pia. Niliishia darasa la tatu lakini herufi zote ninazo. Mstari ukipanda mlima wewe ufuate tu, utashuka.

Habari kubwa ni kwamba kwaya imerekodi. Siyo kwa redio kaseti kama sisi mwaka themanini na nane, hapana, imerekodi studio Mpanda mjini, kwa kompyuta. Na wimbo wa kwanza waliouchagua ni ule ule wetu wa Mama wa Wasafiri. Kaseti yetu ile bado ipo, watu wameihamishia kwenye simu, inapigwa harusini mpaka kule Kasansa. Wanauliza hilo gita linalolia hivyo ni la nani. Mimi najibu ni la huyu uliyemkanyaga mguu.

Basi Silvesta, mwalimu wa kwaya wa sasa, akanijia nyumbani kwa adabu zake zote. Akasema wimbo ule bila sauti ile ya kwenye kaseti si wimbo, na akaniuliza kama bado naweza kuitoa. Ladislas, kuniuliza mimi! Nikamwambia amuulize bata kama anajua kuogelea. Akasema sawa mzee, lakini studio tumeipata siku mbili tu, sauti isipotoka, binti mmoja wa kwaya, Happiness, atapiga sehemu yangu kwa kinanda. Kinanda! Katika wimbo ulionipa mimi jina. Sikula vizuri siku ile, Generosa ni shahidi.

Gita la kulala bado ni lile lile unalolijua. Ubao wa mninga unaolala juu ya miguu kama meza, nyuzi nane, pedeli mbili zinazovuta nyuzi kwa waya wa breki ya baiskeli, na pini ya pistoni ya pikipiki ndiyo ninayotelezesha juu. Hakuna jingine mkoa mzima. Tulilipandisha kwenye fuso juu ya magunia ya maharage, nikakaa pembeni yake kama mtu anayesindikiza mgonjwa.

Fundi wa studio ni mwanamke, anaitwa Doto, Msukuma, mpana, hacheki ovyo. Kuta zake kazipigilia magodoro, nikamuuliza kama hii ni studio au gesti. Akanijibu kwamba wageni wa gesti huwa hawaji na meza, akionyesha gita langu. Nikampenda hapo hapo lakini sikumwonyesha.

Akachomeka waya wa gita moja kwa moja kwenye mashine yake. Nikapiga. Ikatoka sauti kavu, kama mtu anagonga sufuria tupu. Akauliza kama ndiyo hiyo. Nikamwambia mashine yake ina homa, gita hili linataka kupumulia kwenye redio. Hakubisha. Alienda kwa mama yake akaleta redio kaseti ya zamani, tukachomeka humo, akaweka maiki mbele ya spika. Akanifundisha jambo, ingawa nilimwambia nalijua: maiki ikiwa katikati ya spika sauti inachoma, ukiisogeza ukingoni inakuwa laini. Kisha akafunika redio na maiki kwa blanketi ili mwangwi wa chumba usiingie kwenye wimbo. Sauti ikapata joto. Lakini siyo ile.

Akataka nyuzi mpya, nikakataa, nyuzi mpya zinapiga kelele kama kuku wa kununua. Akakubali. Nikabadilisha mahali pa kudonoa nyuzi, nikanawa mikono, nikavua viatu. Wanakwaya wamekaa sakafuni wananitazama. Nikasema spika ya huyu mama ina unyevu. Generosa akauliza kwa sauti ya kanisani mbona na spika za parokia kila Jumapili nasema hivyo hivyo. Siku ya kwanza ikaisha.

Siku ya pili Doto alinivalisha spika za masikioni akanipigia kaseti yetu, halafu akapiga yangu ya jana. Akasema nisikilize mwanzo wa kila noti. Yangu inaanza kwa kugonga halafu inakufa. Ya kwenye kaseti haina mwanzo, inaingia polepole kama mtu anayefungua mlango asiamshe mtoto, halafu inavimba wakati ingetakiwa kufifia. Akasema mkono unaodonoa hauwezi kufanya hivyo hata uwe wa malaika, kuna kitu kingine, babu akumbuke. Generosa akakohoa. Mimi nikatazama pedeli zangu kama nimeangusha kitu.

Wengine walipotoka kwenda kunywa chai, Doto akanisogelea akaniambia kwa upole kwamba nisihangaike, yeye anaweza kuipandisha na kuishusha kila noti ndani ya kompyuta, itafanana kabisa na ya kaseti, na hakuna atakayejua. Watasema mzee bado ana mkono. Happiness alikuwa ameshafunua kinanda chake. Ladislas, sikufichi, mdomo ulishafunguka kusema ndiyo.

Ila nilikuwa bado nimevaa zile spika, na kaseti ilikuwa inazunguka. Nimeisikiliza maisha yangu yote lakini masikio yangu hayajawahi kuwa karibu nayo namna ile. Nikasikia krr, krr, kabla ya kila noti, vumbi la kwenye kinobu cha sauti cha redio kikizungushwa. Na kabla ya wimbo kuanza nikamsikia mtu ananihesabia kwa kunong'ona, rimwe, kabiri, gatatu. Ni wewe. Una miaka ishirini na mitatu na unanihesabia.

Sasa nakuandikia kile nilichonunulia hii karatasi. Sauti ile ni yako. Nilijua tangu asubuhi ile kwenye stoo ya padre, wakati redio niliyochomekea gita ilipokuwa inapasuka sauti kila nikidonoa, na wewe, bila kuambiwa, ukashika kinobu, ukawa unaishusha nikidonoa na kuipandisha noti ikishaingia, wimbo mzima, hukukosea hata mara moja. Mimi mkono wangu ulikuwa unadonoa, wa kwako ndio ulikuwa unaimba. Padre alipotaka majina ya kuandika kwenye karatasi ya kaseti, nilimtajia ya wote, la kwako sikulitaja. Nilimwambia wewe ulibeba redio tu. Uliisoma ile karatasi ukanirudishia, na mwezi haukuisha ukahamia ziwani. Watu walipouliza nikasema umefuata samaki. Miaka thelathini na saba nimekula sifa zako, na zilikuwa tamu, nisikudanganye.

Nikamwambia Doto hapana. Kukuondoa mara moja kulitosha, sikutaka kukuondoa tena kwa kompyuta. Kwaya waliporudi nikasimama nikawaeleza yote kama nilivyokueleza hapa. Nilidhani watanizomea. Silvesta akauliza tu kwa nini sikusema jana tukaokoa siku. Na Generosa akasema amepika ugali miaka yote hii akingoja hilo neno. Alijua! Alikuwa mstari wa mbele wa sauti ya kwanza, alikuona mkono. Nikamuuliza kwa nini alinyamaza, akasema dhambi ilikuwa yangu, siyo yake.

Basi yeye mwenyewe akaketi kwenye redio, akashika kinobu. Mara ya kwanza alichelewa, nikamfokea. Akaniambia nidonoe ninyamaze. Mara ya nne ikatoka. Mdogo wangu, ilitoka! Doto akatabasamu kwa mara ya kwanza, Happiness akafunika kinanda chake mwenyewe, akaja akanishika mikono. Nilijisikia kama mtu aliyetua gunia alilolibeba mpaka akasahau kwamba ni gunia. Wakati wa kurudi nyumbani juu ya fuso nililala usingizi, mimi ambaye silali safarini.

Doto aliuliza majina ya wapigaji. Nikamwomba aandike hivi, halafu anisomee mara mbili: gita la kulala, Salvator; mkono wa sauti, Ladislas wa Kapalamsenga, aliyeuanzisha, na Generosa.

Msamaha sijui unavyoombwa, nimezoea kuombwa mimi. Naomba hivyo hivyo. Tarehe kumi na tano Agosti, Misa ya Kupalizwa, tutauimba wimbo huu kanisani, na Generosa atakuwa anaimba, hawezi kushika na kinobu. Silvesta amependekeza mtu wa kukaa kwenye redio nimemkataa. Mwingine nimemkataa pia. Kiti kipo. Ukitaka, njoo. Usipotaka, niambie, nitalipakia gita kwenye gari nije nalo huko huko ziwani, ubishi wangu unaujua.

Wasalimie Lidia na wajukuu kwa niaba yetu. Mungu awalinde nyie wote, na upepo wa hapo uwe wa wastani.

Ni mimi kaka yako,
Salvator