Vidonge Mlivyogawana na Mzee Kosmas

Baba,

Shikamoo. Matanga tumeanua, ulezi wako tumeuvuna, Mama anakula kidogo kidogo. Nakuandikia kwa sababu kuna jambo nimelijua juzi hospitali ya misheni, kule Sumbawanga, na hapa kijijini sina wa kumwambia.

Unakumbuka daktari alivyowaeleza, wewe na jirani yako Mzee Kosmas, nyote wawili mkiwa na kansa ya tezi dume? Alisema dawa ile bado inajaribiwa. Wengine watapewa dawa yenyewe, wengine vidonge vitupu vinavyofanana nayo, na hata yeye hatajua nani kapata nini mpaka mwisho. Mkaitikia vizuri. Tulipofika nyumbani tu, mkamimina chupa zote mbili kwenye kopo moja la majani ya chai. Nikakukataza. Ukanicheka: "Tulihamishiwa kijiji hiki pamoja, shamba la kijiji tunalima pamoja, leo tuumwe kila mtu kivyake?"

Ulikuwa mbishi, Baba. Na ile kadi ya vidonge uliyopewa na daktari nilikuwa nikiijaza mimi kila jioni, maana kusoma kwako kulikuwa kwa kubahatisha. Niliandika: amemeza vidonge vyake. Uongo ule ni wa mkono wangu. Hata vifua vyenu nyote wawili vilipoanza kuvimba, kama daktari alivyoonya kuwa dawa yenyewe hufanya, mkawa mnataniana na kufunga vifungo vya shati mpaka shingoni daktari asione, nilinyamaza.

Juzi daktari aliniita, akafungua bahasha iliyoficha nani kapata nini. Dawa ilikuwa yako. Mzee Kosmas alipewa vitupu.

Nusu ya dawa yako ilikwenda kwake. Labda ungeimeza yote ungekuwa hapa. Labda isingesaidia. Sijui, na daktari hawezi kuniambia kwa sababu hajui mlichofanya. Yeye ameandika tu kwamba aliyepewa dawa amekufa na asiyepewa bado anadunda. Wakiandikwa wengine namna hiyo, wagonjwa wa kesho watanyimwa dawa kwa sababu ya kadi kama yangu.

Nina hasira na wewe. Nakasirika, halafu nalia, halafu namwona Mzee Kosmas anakuja na jembe kumlimia Mama matuta, hakuombwa na mtu, na hasira inakosa pa kwenda. Jana aliniambia, "Baba yako hakuwa na choyo, mwanangu."

Kesho napanda basi kwenda kwa daktari, nikamwambie kadi ile ni ya uongo, aifute, na aniseme anavyotaka. Hilo nakuahidi. Mzee Kosmas sitamwambia dawa ilikuwa ya nani. Siku alizobakiwa nazo aishi kwa amani.

Pumzika, Baba. Wewe uligawa. Mimi ningejua ni yako, ningemnyima.

Mwanao,
Yustina