Mchanga Mweupe wa Bwawa Langu

Jumatano, 1 Agosti 1984

Nguzo ya kupimia maji imesoma futi saba asubuhi. Wiki jana ilikuwa saba na nusu. Ng'ombe wamekunywa upande wao, akina mama wamechota upande wao, hakuna aliyevuka kamba. Nimepaka mashua lami. Nimefagia pale mwambani watu wanapoogelea Jumapili.

Kioko ameweka bembea. Ndinda ameniletea habari hiyo huku anachambua pojo, polepole, kama mke asiyejua habari itamchoma mumewe wapi. Bembea, viti vya mbao na redio. Kioko ni mdogo wangu, mimi ndiye niliyemfundisha kufunga kamba za viatu. Leo anatunza bwawa kubwa kuliko langu, ng'ambo ya kilima, na mama yetu anaishi kwake. Na sasa bembea juu ya hayo.

Naandika Kiswahili kwa sababu Ndinda husoma Kikamba cha Biblia tu. Basi niseme wazi. Nina kijicho.

Jumapili, 5 Agosti

Wageni saba. Saba! Wawili ni walimu wenye haya, hata miguu hawakulowesha. Lori la vijana wa petroli steshen ya Mtito Andei lilipita mbele yangu likipiga honi, likaenda moja kwa moja kwa Kioko. Nilibaki na firimbi mdomoni.

Jumanne, 7 Agosti

Kioko amefunga bwawa lake! Mnyororo getini. Hakuna kuogelea, hakuna mashua, hakuna pikiniki mpaka mvua ya Novemba. Alikuja mwenyewe kuniambia, kofia mkononi.

"Baba Mwende, mwaka huu si wa mchezo. Watu wanachafua maji na kingo zinabomoka. Funga na wewe."

Nikamwambia nitafikiria. Uongo. Sikufikiria hata dakika moja. Wageni wake wote sasa watakuja kwangu.

Ndinda anasema Kioko ana akili. Kila siku Kioko, Kioko. Nimemwambia kama anampenda sana akampikie. Amenuna. Na anune.

Jumapili, 12 Agosti

Walikuja! Lori, kwaya mbili, mpigapicha kutoka Kathonzweni na viatu vyake vyenye ncha. Nimepiga firimbi mpaka midomo imevimba. Watoto huku, waogeleaji kule, wa mashua wapange foleni. Mtu mmoja aliita hapa "kwa Mulwa". Nilimsikia vizuri kabisa. Kwa Mulwa, jina langu.

Lakini maji yamerudi nyuma sana. Mashua haifiki tena kwenye gati. Watu walipita matopeni, dada mmoja wa kwaya akazama mpaka magotini na kiatu kikabaki huko chini. Akasema kwa sauti, "Kwa Kioko hatukuwa tunakanyaga matope." Wote wakacheka.

Nitawaonyesha.

Alhamisi, 16 Agosti

Nimeita mwethya, kikundi cha kazi za pamoja. Nikawaambia akina mama tunatoa matope ili bwawa libebe maji mengi mvua ikija. Ni kweli nusu. Nusu nyingine sikuisema: nataka mfereji wa kuleta mashua mpaka kwenye gati.

Walikuja arobaini na mmoja, na majembe, makarai na njaa zao. Syombua ndiye kiongozi wao, na ndiye anayeanzisha nyimbo. Ana sauti ya kuamsha mawe. Walichimba kuanzia ukingo wa maji kuja gatini. Matope meusi kwanza. Kisha udongo mgumu wa mfinyanzi, jembe linaruka. Nikawahimiza, bado kidogo, bado kidogo. Saa tisa Syombua akapiga kelele. Mchanga! Mchanga mweupe, safi, wenye unyevu.

Aiya, vigelegele! Na mimi nilirusha kofia. Nani wa huku hajui maana ya mchanga mweupe? Ndio tunaoufukua mtoni kiangazi chote, na ndani yake tunakuta maji. Syombua alichukua gao moja akajipaka usoni. Tulisema bwawa limefungua jicho la maji.

Ijumaa, 17 Agosti

Maji yameingia kwenye mfereji. Mashua imefika gatini yenyewe, bila kusukumwa. Nimekaa ndani peke yangu asubuhi nzima, nikielea. Raha.

Jumapili, 19 Agosti

Jumapili bora kuliko zote tangu nipewe kazi hii. Na Mwaitu alikuja! Mama yangu mwenyewe, kwa mkokoteni wa punda. Nilimpakia kwenye mashua, nikapiga makasia mpaka katikati. Alishika ukingo kwa mikono miwili na kucheka kama msichana. Akasema, "Mulwa, hii kwa Kioko sijapanda." Ningekufa pale pale ningekuwa nimekufa vizuri.

Kioko ndiye aliyemleta. Hakupanda. Alitembea kando ya mfereji akitazama chini. Tuliporudi akanivuta pembeni.

"Mmefika mchanga?"

"Tumefika. Mzuri, mweupe."

Akasema bwawa si mto. Mtoni mchanga umelalia mwamba, hapa umelalia nini? Akanikumbusha wazee walipojenga bwawa walivyoswaga ng'ombe siku nyingi, kwenda na kurudi, kukanyaga ule udongo mpaka ukawa kama sufuria. Mimi nilikuwa mmoja wa wachungaji. Ilikuwa kazi yetu sote wawili.

Nikamwambia ana wivu. Mimi! Nikamwambia yeye kwamba ana wivu. Nikasema amezoea kuwa wa kwanza, leo mama amecheka kwangu na hawezi kuvumilia. Akamchukua Mwaitu wakaenda.

Jumanne, 21 Agosti

Futi tano na nusu. Jumamosi zilikuwa sita na robo. Jua halinywi hivyo.

Nimetikisa nguzo nione kama imezama. Haijazama.

Jumatano, 22 Agosti

Tano. Niliingia kwenye mfereji nikalaza kiganja changu juu ya mchanga. Nilihisi maji yanapita katikati ya vidole kwenda chini. Polepole, bila sauti.

Alhamisi, 23 Agosti

Nimemwaga udongo mfereji mzima, makarai yasiyo na hesabu. Ndinda amenisaidia bila kuulizwa na bila kunisemesha. Nikaazima ng'ombe tisa wakanyage. Wamekonda, mbavu nje. Wawili wakalala matopeni, tukawainua kwa kamba. Udongo umegeuka uji. Maji bado yanashuka.

Angekuwa Kioko angejua la kufanya. Nimeandika na sifuti.

Jumapili, 26 Agosti

Lori lilikuja. Vijana wakashuka na mataulo yao, wakaangalia, wakapanda tena. Afadhali wangecheka.

Kambale wanagaagaa kwenye matope.

Jumapili, 2 Septemba

Kumebaki dimbwi la kijani. Nyumba sitini zilikuwa zinakunywa hapa. Maji yangefika hadi Novemba kwa shida, lakini yangefika. Sijaenda kanisani. Ningeimba nini?

Jumatano, 5 Septemba

Mkutano wa kamati ya bwawa, shuleni. Darasa limejaa mpaka madirishani. Kioko alialikwa kwa sababu bwawa lake ndilo lililobaki. Nilikaa nyuma, kwenye dawati la watoto, magoti yamegusa kidevu.

Mwenyekiti akauliza maji yamekwenda wapi. Nikasema jua. Mdomo wangu ndio uliosema, jua kali mwaka huu. Nikamtazama Kioko. Anajua yote. Alitazama mikono yake, kimya. Alikuwa ananificha. Hapo nilimwonea wivu kuliko siku ya bembea. Hata roho yake ni kubwa kuliko yangu.

Ndipo Syombua akasimama. Akasema, "Ni sisi akina mama. Sisi ndio tuliotoboa. Tuliona mchanga tukashangilia kama watoto. Mtusamehe." Na wale wengine wakainamisha vichwa, wote arobaini, wanawake waliokuja na njaa zao kwa sababu niliwaita.

Hilo sikuliweza. Nikasimama, dawati likainuka na mimi. Nikasema si wao. Nikasema niliwadanganya, mfereji ulikuwa wa mashua, mashua ilikuwa ya wageni, na wageni niliwataka kwa sababu walikuwa wa ndugu yangu. Nilisema mbele ya watu wote. Nilisema na neno wivu.

Mtu mmoja mbele akatema mate. Syombua alinitazama, akakaa. Firimbi nimeiacha mezani kwa mwenyekiti.

Ndinda alitembea nami mpaka nyumbani. Akasema, "Leo ungesema uongo mara ya pili ningekuacha." Ndiyo maneno yake ya kwanza kwangu kwa wiki nne.

Jumanne, 11 Septemba

Nimeenda kwa Kioko na mitungi miwili na punda. Mwendo wa saa mbili kwa miguu. Foleni inaanzia kwenye kile kiti cha mbao. Bembea imefungwa juu ili mtu asipande.

Kioko anafungua mnyororo asubuhi, nyumba kumi kumi. Alisema watu wa ng'ambo watangulie, wametoka mbali. Hakuna wa kwake aliyenung'unika. Zamu yangu ilipofika alinishikia mtungi ukijaa. Hakusema lolote kuhusu mchanga. Aliuliza mgongo wa Ndinda unaendeleaje.

Mwaitu alikuwa mlangoni. Akaniita, akanipa maji kwenye kikombe cha bati, yametoka kwenye chungu chake.

Maji ya Kioko ni matamu. Hata hilo limeniuma. Nimekunywa, nikaomba aniongeze.